"Fidia mtakayolipwa"... na nani?

Leo sina siasa wala soka. Nina kosa la sarufi. Ndiyo, sarufi! Najua nusu yenu mmeshaanza kutafuta mlango wa kutokea, lakini nivumilieni kidogo, maana kosa lenyewe lilimfanya mama wa watu aache shamba lake lirudi pori msimu mzima. Na aliyelifanya kosa hilo ni mimi.

Ilikuwa hivi. Miaka kadhaa iliyopita nilipanda bodaboda kutoka hapa Kalangalala kwenda kwenye mkutano wa kijiji, mwendo wa kama saa moja kwa barabara ya vumbi jekundu. Kampuni moja ya utafiti wa madini (jina haliwasaidii kitu, na huku haipo tena) ilikuwa imepata leseni ya kutafuta dhahabu eneo lile. Nilikwenda kama mwandishi: kalamu, daftari, simu ya kurekodia. Afisa uhusiano wa kampuni hakuja. Walikuja mwanajiolojia mmoja, mgeni ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye "asante" na "pole pole", pamoja na dereva wake. Mkononi walikuwa na karatasi mbili za Kiingereza za kuwasomea wanakijiji.

Dereva akajaribu kutafsiri, akakwama mstari wa pili. Mwenyekiti akazungusha macho, akaniona nimekaa kwenye tofali na daftari langu.

"Mwandishi, si wewe umesoma? Njoo utusaidie bwana."

Jamani, nani asiyependa kuitwa msomi mbele za watu? Nikainuka, nikajifuta vumbi, nikaipokea ile karatasi kama mtu anayepokea cheti. Nikaenda vizuri tu mpaka nikafika kwenye mstari uliosema hivi, au karibu sana na hivi: "Any compensation which may be payable to occupiers shall be assessed by a qualified valuer."

Nikatafsiri bila hata kumeza mate: "Fidia mtakayolipwa itakadiriwa na mthamini aliyehitimu."

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja nyuma akapiga kigelegele. Nami, kwa ujinga wangu, nikadhani wanakishangilia Kiingereza changu. Kumbe walikuwa wanaishangilia fidia.

Rudi uisome tena ile sentensi ya Kiingereza. Inasema watalipwa? Haisemi. Inasema kwamba *kama* kuna fidia yoyote ambayo itaonekana inastahili kulipwa, basi mthamini ndiye atakayeikadiria. Inaweza kuwepo. Inaweza isiwepo kabisa. Neno lililobeba mashaka yote hayo lina herufi tatu, "may", na mimi nililimeza pale juani.

Baada ya mkutano maneno yakasambaa. Mara ikasemwa kwamba atakayepanda kitu kipya hatahesabiwa. Hilo halikuwa kwenye karatasi, lakini watu wa huku wameshaona uthamini wa maeneo mengine, wanajua kwamba ikishatangazwa siku ya mwisho, ukiendeleza shamba lako ni hasara yako. Yule mama wa kigelegele akaacha kupanda pamba. Mihogo aliyokuwa nayo akaiacha ipigane yenyewe na magugu. Akakopa kwenye kikundi chao cha vikoba, akanunua bati. Kampuni ikachoronga mashimo machache upande wa pili wa kilima, ikapima udongo wake, na baada ya miezi kadhaa ikafungasha. Ardhi ya mama haikutwaliwa. Hakuna mti wake uliokatwa. Kwa hiyo hakuna alichokuwa anadai, si kwa Sheria ya Madini ya 2010 wala kwa sheria nyingine ninayoijua. Sheria hiyo inamtaka mwenye leseni amlipe anayekalia ardhi kihalali pale anapomharibia mazao, miti au majengo. Hakuharibiwa, hakulipwa.

Mwaka uliofuata nikakutana naye hapa mjini, sokoni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniangalia, akasema: "Mwanangu, si wewe uliyetuambia tutalipwa?"

Hakuuliza kwa hasira. Angeuliza kwa hasira ningejitetea, maana kujitetea najua. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kama alisikia vizuri. Alisikia vizuri. Aliyesema vibaya ni mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa mgonjwa wa kitu kimoja. Nikiona karatasi yoyote ya Kiingereza, iwe mkataba wa kazi, fomu ya mkopo au tangazo la ardhi, macho yanakwenda moja kwa moja kwenye vile vipande vinavyoanza na "which" au "that" na kuishia na "be" fulani. Which may be paid. Which can be paid. Which should be paid. Which must be paid. Which shall be paid. Angalia: maneno manne, unabadilisha moja tu, na maana inahama kutoka hisani mpaka deni! Mwenye lugha yake hahangaiki. Nafasi ipo tayari pale katikati, anachomoa neno moja anachomeka lingine, kama unavyobadilisha laini ya simu.

Sasa njoo kwetu. Ukitaka "which was paid" Kiswahili kinakupa *iliyolipwa*. Neno moja tu! Inayolipwa. Itakayolipwa. Isiyolipwa. Kitenzi kimoja kimebeba kitu chenyewe, wakati wake, urejeshi wake na kutendwa kwake, na bado unaweza kukitamka kwa pumzi moja. Mimi naipenda sana lugha hii kwa ajili ya mambo kama hayo. Lakini hebu hesabu zile nafasi: kuna -li-, kuna -na-, kuna -taka-, na kuna -si- ya kukanushia. Basi. (Ilipwayo pia ipo, ila hiyo haina wakati wowote.) Humo ndani huwezi kuchomeka "huenda". Huwezi kuchomeka "lazima". Jaribu kuitia o-rejeshi kwenye -me- au kwenye -nge- uone: "imeyolipwa", "ingeyolipwa"... hata mtoto wa darasa la tatu atakucheka.

Kwa hiyo mtafsiri wa haraka, amesimama juani, watu mia mbili wanamtazama mdomoni, anafanya nini? Anakimbilia nafasi iliyo karibu. Na iliyo karibu ni -taka-, kwa sababu "may be paid" inazungumzia mambo ya mbele, na mambo ya mbele kwetu yanakaa kwenye -taka-. *Mtakayolipwa.* Imeshatoka, haikamatiki tena.

Na hii -taka- nayo ina historia yake. Wanaisimu wanatuambia kwamba -ta- yetu ya wakati ujao imetokana na kitenzi kilekile cha kutaka, na kwenye urejeshi ndiko umbo lake refu lilikobaki. Fidia itakayolipwa, yaani kwa asili ni fidia inayotaka kulipwa. Natamani ingekuwa hivyo! Fidia inayotaka yenyewe kulipwa ingeshafika kwa yule mama kwa miguu yake.

Mtaniambia: si ungesema tu "inayoweza kulipwa"? Nimelifikiria hilo. Tatizo ni kwamba kuweza kwetu kunaegemea sana upande wa nguvu na uwezo. Nilimjaribu mjomba wangu mmoja, fundi baiskeli, mtu makini. Nikamwambia: "Mjomba, ukisikia *fidia inayoweza kulipwa na kampuni*, unaelewa nini?" Akajibu palepale: "Kwamba kampuni inaweza. Mbona dhahabu wanayo?" Umeona? Swali la iwapo kuna deni limegeuka kuwa swali la iwapo mdaiwa ana pesa. Na kwa mtu wa Geita, aliyekulia jirani na mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji mwaka 2000, hilo la pesa si swali.

Halafu kuna ile kauli ya kutendeka, ambayo nadhani hatuithamini vya kutosha. Kiingereza kinasema "a road that cannot be passed", maneno lukuki. Sisi tunasema *barabara isiyopitika*. Deni lisilolipika. Maji yasiyonyweka. Maneno yasiyosemeka. Yote hayo ni "cannot be" ya Kiingereza, imekunjwa ikawekwa ndani ya kitenzi. Kwa hiyo anayesema Kiswahili hakina uwezo wa kubeba mambo haya hajui anachosema. Ila kutendeka kunabeba uwezekano tu. Hakubebi ruhusa, hakubebi wajibu. "Payable" ya wanasheria si "inayolipika". Inayolipika ni ile ambayo ukijibana unaimaliza. "Payable" ni ile unayodaiwa, upende usipende, ulipike usilipike.

Na kuna kitu kingine kuhusu kutendeka. Kutendwa kunamruhusu mtendaji aingie: imelipwa *na* nani, shamba limechukuliwa *na* nani. Kutendeka kunamfungia mlango. Sahani imevunjika. Pesa zimepotea. Nani? Hakuna nani, imevunjika tu! Kila mtu aliyelelewa nyumbani kwa Kiswahili anakumbuka ile sauti ya mama: "Imevunjika yenyewe?" Mama zetu walikuwa wachambuzi wa sarufi bila kulipwa.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Nimeshapitia karatasi nyingi za aina hii sasa, na kuna jambo nimeliona ambalo, likishakuingia machoni, halitoki tena. Chukua tangazo lolote la kazi la Kiingereza. Mwisho wa orodha ya majukumu kuna mstari ule ambao sote tumeusaini: "any other duties as may be assigned by your supervisor." Kwa Kiswahili, kwenye matangazo ya ajira serikalini, umeuona mara ngapi? *Kufanya kazi nyingine utakazopangiwa na mkuu wako wa kazi.* Ona kwanza jinsi "may" ilivyogeuka tena kuwa -taka-. Kazi ambazo huenda ukapangiwa zimekuwa kazi utakazopangiwa, na ukweli ni kwamba, ofisi nilizozijua mimi, tafsiri hiyo ilikuwa sahihi kuliko Kiingereza chake! Lakini ona pia kile kipande cha mwisho: *na mkuu wako wa kazi*. Mtendaji ametajwa. Ukipewa jukumu, unajua limetoka kwa nani.

Sasa rudi kwenye malipo. Any compensation which may be payable. By whom? Kimya. Any benefits that may be granted. By whom? Kimya. Any loss which may be suffered, hapo mwathirika ametajwa, ni "the occupier", aliyesababisha hayupo. Sisemi ni njama. Mimi si mtu wa njama. Nasema ni mazoea: jukumu linakuja na "by", pesa zinakuja bila "by". Na sisi tunaotafsiri tunayabeba mazoea hayo kama yalivyo, tunayamwaga kwenye Kiswahili, lugha ambayo msikilizaji wake akisikia *-wa* sikio lake linasubiri *na*.

Nisiwaonee wanasheria. Wana sababu ya kuandika vile. Anayeandika karatasi leo hajui kama mashine ya kuchoronga itapita kwenye muhogo wa mtu au itapita pembeni. Akiandika "fidia itakayolipwa" amejifunga kulipa kitu ambacho pengine hakitatokea. "May be" inamwezesha kusema jambo moja litakalokaa sawa iwe limetokea au halijatokea. Hiyo ni kazi halali kabisa ya lugha. Na wala si kwamba kutendwa ni dhambi. Waswahili tunakupenda kutendwa kuliko Waingereza wenyewe: tunafiwa, tunanyeshewa, tunaibiwa, tunakuchewa, tunashindwa. Nani anasema "mvua imeninyeshea" kama anaweza kusema "nimenyeshewa"?

Hata Kiingereza chenyewe hakijatulia kwenye haya mambo. "Shall" imewasumbua mpaka kwao. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 iliitupa, ikatumia "must" ili raia asibabaike kama anaamriwa au anatabiriwa. Huko Uingereza nako waandishi wa miswada ya serikali wameipunguza sana. Sisi huku Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 53, inatuambia wazi: sheria ikisema "may", aliyepewa mamlaka ana hiari, ikisema "shall", ni lazima atekeleze. Safi sana. Mstari umechorwa. Sasa niambieni, hiyo "shall" tukiileta kwenye Kiswahili inakuwa nini? Inakuwa -ta-. Fungua Katiba yetu ya 1977 ibara ya 33: Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano. Hiyo si utabiri wa hali ya hewa, ni amri. Msomaji wa sheria anaijua -ta- hiyo kama amri.

Sasa yule mtafsiri wa juani, yaani mimi, anaichukua -ta- hiyohiyo, iliyobeba "shall", anaitumia pia kwa "may". Ile hiari na ile lazima, ambazo kifungu cha 53 kimezitenganisha kwa makusudi, nimezirudisha kwenye chungu kimoja nikakoroga. Mwanakijiji anasikia ahadi. Mwanasheria wake, akimpata, atasikia amri. Kampuni ilisema "huenda". Watu watatu, maana tatu, neno moja langu.

Niliposhika Katiba kwa ajili ya ile ibara ya 33 nikajikuta nimesoma na ya 24, ile ya haki ya mali. Hapo kuna kitu kizuri. Inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya kutoa *fidia inayostahili*. Tazama hilo neno. Kiingereza cha ibara hiyo kina vivumishi viwili, "fair and adequate". Kiswahili hakikusema itakayolipwa, hakikusema inayoweza kulipwa. Kimesema inayostahili. Wajibu umo ndani ya kitenzi chenyewe, na umekaa kwenye -na- bila kugombana na mtu. Kumbe dawa tunayo! Kustahili, kupaswa, kutakiwa, kudaiwa: hivi vyote vinakubali o-rejeshi bila kelele. Inayostahili kulipwa. Inayopaswa kulipwa. Anayotakiwa kulipa. Na kwa "may" yenye mashaka tunayo "huenda", tunayo "endapo", tunayo ile -ka- tamu ya *huenda ikalipwa*. Inachotaka ni kuivunja sentensi. Kiingereza kimefunga kila kitu kwenye kifundo kimoja. Mtafsiri mwaminifu anakifungua, hata kama Kiswahili chake kitakuwa sentensi tatu.

Ile karatasi ningeisoma leo ningesema: "Ndugu zangu, hapa wanasema hivi. Huenda mtu akastahili fidia, huenda asistahili. Atastahili kama kitu chake kimeharibiwa. Akistahili, mthamini atakadiria ni kiasi gani. Hapa hawakuandika anayelipa ni nani wala lini, kwa hiyo waulizeni wageni hawa sasa hivi kabla hawajaondoka."

Makofi yasingekuwepo. Kigelegele nacho kisingekuwepo.

Na hilo la "lini" lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe upesi. Upesi ni kiasi gani? Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 ikaja na tarakimu: ikipita miezi 6 tangu Mthamini Mkuu aidhinishe uthamini bila fidia kulipwa, riba inaanza kuhesabiwa, na uthamini wenyewe unaisha nguvu baada ya miaka 2. Kwa hiyo yapo mazingira ambamo "which shall be paid" ina kalenda nyuma yake. Mtu aliyeambiwa "mtakayolipwa" bila mwezi wala mlipaji anasubiri, anasubiri, wala hajui kama saa yake imeshaanza kuhesabu au haikuwahi kutegwa.

Kwa nini nawaandikia ninyi haya, mliosoma, mnaokaa mjini? Kwa sababu ni sisi. Yule mwanajiolojia hakutafsiri. Yule mwandishi wa karatasi, popote alipo, hakutafsiri. Wanaosimamishwa juani ni sisi: mwalimu, mtendaji wa kata, mwandishi wa habari, kijana aliyemaliza chuo na bado anatafuta kazi. Na Kiingereza tulichofundishwa, hebu tuseme kweli, kilikuwa cha kugeuza sentensi. "Juma wrote a letter. Begin with: A letter..." Tukageuza! Tukapata alama! Mwalimu akaweka vema jekundu na maisha yakaendelea. Mimi nilikuwa bingwa wa hiyo sehemu darasani kwetu. Lakini hakuna siku hata moja mtu alinionyesha "the money which may be paid" na "the money which must be paid" zikiwa zimekaa pamoja, akaniuliza: kati ya hawa wawili, nani alale na njaa?

Tena jambo hili linazidi kuwa la haraka. Mwaka 2021 Bunge lilifanya marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza zimekuwa zikitafsiriwa. Mimi nilishangilia, na bado nashangilia. Ilikuwa aibu mtu kuhukumiwa kwa lugha asiyoielewa, kesi inaendeshwa kwa Kiswahili halafu kumbukumbu na hukumu zinaandikwa kwa Kiingereza. Lakini kila "which may be" iliyomo kwenye zile sheria lazima iangukie mahali fulani kwenye Kiswahili, na ni maelfu. Kama kila mtafsiri atafanya nilichofanya mimi, tutakuwa na sheria zinazoahidi vitu ambavyo Bunge halikuahidi. Na wasipokuwa makini upande wa pili, "shall" zitageuka "inaweza", na watu watapoteza haki walizokuwa nazo kwenye Kiingereza wasichokijua. Sijui lipi ni baya zaidi. Hapana, najua. La pili ni baya zaidi, kwa sababu la kwanza angalau mtu atakuja sokoni kukuuliza.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya BAKITA na vyuo vikuu, wao ndio wakae waamue tafsiri moja ya "may be". Wakae, hakuna anayewazuia. Ila mkutano wa kijiji hausubiri istilahi. Siku ile mwenyekiti aliponiita nilikuwa na nafasi ya kusema: "Mwenyekiti, mstari huu sina uhakika nao, naomba tumuulize mgeni anamaanisha nini." Ingechukua dakika mbili. Sikusema, kwa sababu kusema hivyo ni kukiri mbele za watu kwamba Kiingereza chako kina kikomo, na sisi tuliosoma afadhali tukosee kwa kujiamini.

Yule mama tumeendelea kuwa marafiki, amini usiamini. Deni la vikoba alilimaliza kwa mbuzi wawili. Pamba alirudi kupanda. Nikimpigia simu asubuhi ananianza yeye, "Mwangaluka," nami najitahidi kuitikia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, anacheka.

Wiki iliyopita alinipigia yeye. Kuna watu wengine wamepita na karatasi nyingine, safari hii ya Kiswahili, wanataka aweke dole gumba. Nikamwomba mjukuu wake anisomee kwenye simu. Mtoto akasoma taratibu, neno kwa neno, mpaka akafika kwenye "stahiki zitakazolipwa". Nikamwambia, "Hapo hapo, rudia." Kabla mtoto hajarudia nikamsikia bibi yake kwa nyuma:

"Muulize, na nani?"

Nikamwambia mtoto aangalie mpaka mwisho wa ukurasa, na nyuma ya karatasi. Akaangalia. Haikuandikwa. Jumamosi nachukua bodaboda nakwenda kuisoma mwenyewe, na dole gumba la mama linanisubiri likiwa kavu.